Kuboresha sapensheni ya mbele ya Hilux Vigo kwa ajili ya rafu rodi: anza na uzito, kimo kitafuata

Mtu akishanunua Hilux Vigo dabo kebini yake, swali la kwanza utamsikia anauliza niinue inchi ngapi, na kiukweli hapo ndo pesa nyingi zinapopotelea. Swali la kwanza ni gari yako hapo mbele inabeba kilo ngapi, ukishalijibu hilo vizuri springi utaijua, ukishaijua springi shokapu utaijua, na kimo kitakuja chenyewe bila kukilazimisha. Naandika hii kwa ajili ya wale wanaopita njia kama Mto wa Mbu kwenda Engare Sero kule Natron, au Maralal kwenda Baragoi kwa ndugu zetu wa Kenya, siku nzima mawe na mawimbi ya barabara, na wanataka gari irudi nyumbani na boljointi zake zote, yaani zile jointi zinazounganisha habu ya tairi na amu.

Nazungumzia Vigo 4x4 ile iliyotengenezwa mpaka 2015, yenye injini ya 2KD 2.5 au 1KD 3.0. Mbele kila upande ina amu mbili (mikono ya chuma inayoshikilia tairi kwenye chesisi), ya juu na ya chini, na koili springi imezunguka shokapu, vinatoka pamoja kama kitu kimoja. Revo iliyofuata imepangwa hivyohivyo kwa hiyo mambo mengi hapa yanaihusu pia, ila vipimo vya bolti usibebe tu, angalia kitabu cha gari yako. Kama ya kwako ni Hilux ya zamani yenye tosheni baa mbele (fimbo inayojinyonga badala ya koili), au ile LN106 yenye ekseli ngumu na springi za pasi (za vyuma bapa) mbele, huko kazi ni tofauti kabisa, usifuate hatua hizi.

Hatua ya 1: kagua kilichopo kabla hujanunua kitu

Springi mpya haziponyi boljointi iliyochoka, zitaimaliza tu haraka zaidi. Piga jeki, weka stendi, tairi likiwa hewani lishike juu na chini ulitikise, kukiwa na mchezo basi ni beringi au boljointi, mwenzio aangalie kwa tochi ni ipi inayocheza. Halafu shika kushoto na kulia utikise, mchezo hapo ni tairodi (fimbo inayosukuma tairi ukikata kona) au ndani ya reki ya usukani. Bushi za kushikilia reki kwenye Vigo huwa zinachoka, ukiona reki yenyewe inasogea mtu akizungusha usukani jua ni hizo. Angalia bushi za amu ya chini kama zimechanika, angalia buti za sivi jointi (jointi zinazopeleka nguvu ya injini kwenye tairi za mbele) kama hazijapasuka, na angalia raba ya juu ya shokapu. Chochote kibovu hapo kiingize kwenye bajeti moja na springi maana utakuwa umeshafungua kila kitu, kufungua mara mbili ni kulipa fundi mara mbili.

Hatua ya 2: piga hesabu ya uzito wa mbele

Springi nzuri za rafu rodi zinauzwa kwa madaraja ya uzito. Kuna ya gari yenye bampa ya kiwandani, kuna ya gari yenye ngao ya chuma, na kuna ya gari yenye ngao pamoja na winchi. Ngao ya chuma ya kueleweka inakuja kwenye kilo 50 mpaka 70. Winchi ya pauni 9,500, yaani inayovuta kama tani 4.3, ikiwa na kamba ya chuma inakaribia kilo 40, ukiweka kamba ya sintetiki ya winchi unapunguza kilo kadhaa na mimi ningekushauri uiweke, mbele ya Vigo yenye 1KD tayari ni pazito. Betri ya pili ongeza kama kilo 20. Jumlisha hizo ndo uende dukani.

Sasa mtu ana bampa ya kawaida ya plastiki, anakwenda kununua springi ya winchi kwa sababu "siku moja nitafunga winchi" au kwa sababu ile inainua zaidi. Gari inakaa juu kweli, inapendeza ukiiangalia kwa mbali, lakini ingia barabarani uone. Inadunda kama mpira na kila ikitoka kwenye shimo unasikia kishindo "tak!" mbele. Hicho kishindo watu wanahangaika nacho mwezi mzima wanabadilisha bushi wakati bushi hazina kosa.

Ngoja nieleze hapa taratibu maana ndo penye siri yote. Shokapu ina safari yake, kuna kwenda juu tairi likipanda jiwe na kuna kwenda chini tairi likiingia shimoni. Gari ikisimama tu, shokapu inakaa sehemu fulani katikati ya hiyo safari. Ukiinua gari kwa springi, ile sehemu ya kusimama inasogea, unapata safari zaidi ya kupanda na unapoteza ya kushuka, jumla haiongezeki hata kidogo. Ukiinua milimita 40 mpaka 50 bado inabaki nafasi ya kutosha ya tairi kushuka na kufuata ardhi. Ukifika 75 kwa shokapu urefu uleule, tairi linakuwa tayari karibu na mwisho wake, shimo dogo tu shokapu inafika kikomo na ndo huo mlio unaousikia. Tena tairi lisiloshuka halishiki ardhi, kwenye korongo tairi moja linaning'inia hewani linazunguka bure, umetumia hela nyingi gari ikawa mbovu zaidi porini kuliko ilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo kwa Vigo ya kazi mimi nasimama kwenye 40 mpaka 50 mbele, zaidi ya hapo unahitaji amu mpya za juu na mambo mengine nitayagusa mbele.

Na zile spesa, yaani bamba la chuma au plastiki ngumu linalowekwa juu ya shokapu? Ni rahisi sana ndo maana zinauzika. Spesa ya milimita 25 inainua gari karibu milimita 50 kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya amu ya chini, haijafungwa kwenye tairi lenyewe. Lakini springi ni ileile iliyochoka na shokapu ni ileile, kilichobadilika ni kwamba shokapu nzima imesukumwa chini, tairi sasa linashuka kupita pale lilipopangiwa, boljointi ya juu na sivi jointi zinapinda kuliko uwezo wake. Kwa gari ya mjini sawa, kwa safari ya Loliondo imejaa mizigo sikushauri kabisa.

Hatua ya 3: chagua shokapu

Kazi ya shokapu ni kuituliza springi, na kwenye barabara ya mawimbi inafanya kazi hiyo maelfu ya mara bila kupumzika, mafuta ya ndani yanapata moto, yanachanganyika na gesi yanafanya povu, na povu halizuii kitu. Ndo maana unaona gari inatoka mjini imetulia vizuri, baada ya saa mbili za mawimbi inaanza kuelea, dereva anadhani ni upepo wa tairi.

Za tyubu mbili zenye gesi ni laini, zinavumilia na bei yake inaeleweka, Old Man Emu ya Waaustralia ndo nyingi zaidi kwenye gari za safari huku kwetu. Kuna zenye sponji ndani badala ya gesi, hizo mwili wake mnene, mafuta mengi, povu halitokei kirahisi, nzuri sana kwa gari nzito inayokwenda taratibu siku nzima. Halafu kuna za tyubu moja kama Bilstein, zinapoza haraka na zinashika usukani vizuri, ila jiwe likigonga ule mwili likaubonyeza pistoni inakwama, kwa hiyo mwenye njia za mawe atafakari. Zenye chupa ya pembeni ni za mashindano na watu wenye mfuko, kwa pikapu ya kazi haikulazimu.

Cha msingi shokapu na springi vitoke familia moja, vilivyopangwa kufanya kazi pamoja. Springi ngumu mpya juu ya shokapu ya kiwandani inarusha gari. Na feki zipo nyingi, Ilala zipo, Kirinyaga Road zipo, rangi ni ileile na stika ni ileile. Nunua kwa wakala anayekupa risiti na waranti ya maandishi, na springi uhakikishe ni pea, namba zilizogongwa zilingane na karatasi yake. Kits nyingine kushoto na kulia ni tofauti makusudi, kwa sababu upande wa dereva huwa unalala kidogo.

Hatua ya 4: vifaa

Jeki ya troli, stendi mbili imara, mawe au magogo ya kuzuia tairi za nyuma, soketi kuanzia 12 mpaka 24, paipu ya kuongezea nguvu, nyundo nzito, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), springi kompresa, tepu ya kupimia, na spliti pini mpya. Bolti zote za chini zinyunyizie WD-40 au mafuta ya kulegeza jana yake usiku, hasa bolti za kemu za amu ya chini ambazo alaimenti (mpangilio wa pembe za matairi) inategemea, gari iliyokaa Dar au Mombasa karibu na chumvi hizo zinaganda kama zimechomelewa.

Hatua ya 5: pima

Gari ikiwa sehemu tambarare kabisa, pima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa fenda hapo juu, pande zote nne, andika. Usipimie kutoka chini maana upepo wa tairi utakudanganya. Bila hizi namba hutajua umeinua kiasi gani wala upande gani umelala.

Hatua ya 6: fungua

Handbreki juu, gia namba moja, mawe nyuma na mbele ya tairi za nyuma. Legeza nati za matairi gari ikiwa bado chini. Inua, weka stendi chini ya chesisi, usiweke chini ya amu maana amu ndo utakayoifungua, kisha itikise gari uone imekaa. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja, watu wamekufa hivyo.

Toa matairi yote mawili ya mbele. Fungua lingi za stabilaiza (fimbo inayounganisha kushoto na kulia) pande zote mbili kwa pamoja, ukifungua upande mmoja ile fimbo inabaki imevutwa na inaweza kukupiga. Chomoa vishikizo vya hozi ya breki na waya wa ABS ili visivutwe. Sasa boljointi ya juu: toa spliti pini, legeza nati lakini usiitoe yote, iache imeshika nyuzi kadhaa, halafu gonga kwa nyundo ubavuni mwa kile chuma kinachobeba habu mpaka boljointi iachie. Ile nati uliyoiacha ndo inazuia kitu kizima kisiruke. Usitumie ule uma wa kupigilia kama boljointi unaitaka tena, unachana raba yake. Ikishaachia funga habu kwa kamba kwenye chesisi isilale nje, ikilala inavuta hozi ya breki na inaweza kuchomoa sivi jointi kutoka ndani.

Baada ya hapo bolti ya chini ya shokapu, halafu nati tatu za juu. Ile nati moja kubwa ya katikati USIIGUSE. Usiilegeze hata robo mzunguko, hiyo ndo imeshikilia springi nzima iliyobanwa, ikitoka springi inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Kandamiza amu ya chini kwa paipu, shokapu na springi yake vinatoka.

Hatua ya 7: kubadilisha springi

Ushauri wangu wa dhati: kama gereji yako haina kompresa ya ukutani au ya mezani, peleka hiyo kazi mahali yenye nayo, au nunua seti iliyokwisha kuunganishwa dukani, tofauti ya bei ni ndogo. Zile kompresa za ndoano mbili zinafanya kazi, ila ndoano zikae zikitazamana sawasawa, zungusha huku kidogo na huku kidogo, kwa mkono sio kwa mashine ya upepo, na uso wako usikae kamwe juu ya kichwa cha shokapu. Springi ya rafu rodi ni ngumu kuliko ya zamani, kwa hiyo kurudisha ndo kugumu na kwa hatari kuliko kutoa.

Kabla hujatenganisha weka alama ya rangi kuonyesha zile bolti tatu za juu zimekaa vipi ukilinganisha na tundu la chini, wakati wa kurudisha upate pembe ileile, la sivyo shokapu haitaingia kwenye matundu. Mwisho wa springi ukae kwenye kikomo chake kwenye kikalio cha chini. Raba ya juu iliyopasuka badilisha, na nati ya katikati weka mpya iliyokuja na shokapu.

Hatua ya 8: rudisha

Nati tatu za juu kwa mkono kwanza, kisha bolti ya chini, kisha boljointi ya juu uikaze kwa toki ya kwenye kitabu na spliti pini MPYA. Bolti ya chini ya shokapu usiikaze mwisho gari ikiwa hewani. Hii mafundi wengi wanairuka. Ile bushi ni raba iliyoshikana na chuma, ukiikaza tairi likiwa linaning'inia itabaki imejinyonga gari ikishuka, na baada ya muda mfupi inachanika. Bolti za amu ya chini pia kama ulizilegeza ni sheria hiyohiyo.

Fanya upande wa pili, rudisha lingi za stabilaiza zote, vishikizo vya hozi, matairi. Shusha gari, isukume mbele na nyuma mita chache, ibonyeze mbele inese mara kadhaa ikae, halafu ndo ukaze zile bolti za bushi kwa toki yake.

Hatua ya 9: kagua kabla ya kuondoka

Pima tena habu mpaka fenda. Ukiona kama milimita 45 zimeongezeka umefika. Upande mmoja ukiwa chini kwa milimita 10 hivi, kuna ringi nyembamba za kusawazisha zinazowekwa juu ya springi ya upande huo, wauzaji wengi wa kits wanazo. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, angalia hozi za breki hazivutwi, waya wa ABS haubanwi, tairi haligusi. Buti za sivi jointi zisiwe zimebanana mkunjo kwa mkunjo upande mmoja. Pembe ikiwa kali sana kuna kits za kushusha difu ya mbele kama milimita 25 zinaipunguza, lakini kwa 40 mpaka 50 Vigo nyingi hazihitaji. Kama tayari una matairi makubwa na yanasugua nyuma ya fenda, au umepita 50, hapo ndo amu za juu za kununua zinapokuwa na maana, zinarudisha pembe ya boljointi na zinarudisha kasta, pembe ninayoieleza hatua ya 10.

Taa za mbele! Mbele ikipanda zinawapiga machoni wanaokuja, zishushe siku hiyohiyo. Na nyuma usiiache, springi za pasi zikiwa zimelala na mbele imepanda gari inaangalia juu na usukani unakuwa mwepesi ukipakia mzigo.

Hatua ya 10: alaimenti

Hii sio ya hiari. Kuinua kunabadilisha tou (matairi kuangalia ndani au nje), kemba (tairi kulala ndani au nje kwa juu) na kasta (mhimili wa kukatia kona kulala mbele au nyuma), zote tatu. Tou mbaya inakula tairi jipya ndani ya safari moja ndefu. Kasta ikipungua usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari inatangatanga kwenye lami, na ndiyo inayopungua gari ikiinuliwa. Mwambie fundi wa alaimenti akupe kasta ya kutosha, nyuzi 2.5 mpaka 3 hivi kama zile bolti za kemu zinaruhusu, na kushoto na kulia zilingane vinginevyo gari itavuta upande. Wengi wanarekebisha tou tu wanasema tayari, kwa hiyo omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, asiyekuwa na karatasi nenda kwingine.

Ukianza kuiendesha kumbuka uzito umepanda juu, kona ulizozoea ziingie taratibu mpaka uizoee. Na kwenye mawimbi punguza upepo wa tairi mpaka psi 26 au 28 huku ukipunguza na mwendo, shokapu zitakaa baridi zaidi na abiria watakushukuru, ukifika lami ujaze tena.

Baada ya kilomita 500 mpaka 1,000 rudi chini ya gari na spana ya toki upitie kila bolti uliyoigusa, springi mpya zinashuka kidogo zikishazoea mzigo, pima tena kimo na kama kimeshuka sana alaimenti irudiwe. Baada ya hapo kila ukitoka safari ya vumbi chungulia ndani ya rimu za mbele, ukiona grisi imerukia humo buti la sivi jointi limepasuka, libadilishe wiki hiyohiyo kabla mchanga haujaingia kwenye jointi yenyewe.